Taa ya injini imewaka: maswali tunayoulizwa sana kuhusu kodi za gari

Maswali haya tunayajibu kila siku gerejini hapa Mwanga, mjini Kigoma, na mengine kwa simu kutoka Kasulu, Uvinza na Kibondo, mara nyingi mtu akiwa amesimama kando ya barabara na boneti iko wazi. Tunasema "kodi" kwa sababu ndivyo mafundi na madereva wanavyosema. Ukipenda lugha ya vitabu, ni misimbo ya hitilafu. Haihusiani na ile ya mapato, ingawa zote mbili humkunisha mtu kichwa.

Taa ya injini imewaka nikiwa njiani. Nisimame au niendelee?

Angalia kwanza inawaka vipi. Ikiwa imetulia, haipepesi, gari linavuta kama kawaida, geji ya joto iko pale ilipo kila siku na taa nyekundu ya oili haijawaka, endelea taratibu, ukifika mjini upime. Hakuna haja ya kulala Nguruka kwa ajili ya taa ya njano iliyotulia.

Ikipepesa, hiyo ni habari nyingine. Injini inamisi vibaya kiasi kwamba petroli isiyoungua inatoka na moshi na kwenda kuungulia ndani ya masega, kile kisafisha moshi kilichoko kwenye ekzosi. Masega yakiendelea hivyo huwa mekundu kama jiko la mkaa, na yakishayeyuka yanaziba ekzosi, gari linakosa nguvu kabisa. Toa mguu kwenye mafuta, tafuta pa kusimama. Na hapo pa kusimama pawe na udongo mtupu. Mwezi wa nane na wa tisa majani ya kando ya barabara ya Uvinza huwa makavu, na ekzosi iliyopata moto ikiyagusa, utakuwa na tatizo ambalo hakuna mashine ya kulipima.

Taa nyekundu ya oili au ya joto hizo hazina mjadala. Zima injini hapohapo.

Kodi ni nini hasa, na zile herufi na namba zina maana gani?

Kontroo boksi, yaani kompyuta ya gari, haina macho. Inaletewa umeme mdogo kutoka kwenye sensa, nyingi zikifanya kazi kati ya volti 0 na 5, na kutokana na umeme huo inakadiria joto la maji, hewa inayoingia, mguu wako umekanyaga kiasi gani. Ikiletewa kitu kisichoingia akilini, au ikiamuru jambo halafu isione matokeo, inaandika kodi na kuwasha taa.

Chukua P0335. P ni injini na gia boksi. Ingekuwa C, ni breki, stelingi na mambo ya chini. B ni bodi, airbag zikiwemo. U ni mawasiliano kati ya kompyuta moja na nyingine ndani ya gari. Sifuri inayofuata ina maana kodi hiyo ni ya wote: P0335 kwenye Toyota ni ileile kwenye Nissan au Mazda. Ingekuwa 1, ni ya mtengenezaji mwenyewe, kama P1349 ya Toyota inayohusu VVT (mfumo wa kubadilisha wakati wa valvu kufunguka), na hiyo usiitafsiri kwa orodha ya gari jingine. Namba inayofuata hiyo inataja eneo: 1 na 2 ni hewa na mafuta, 3 ni moto na kumisi, 4 ni mambo ya moshi, 5 ni mwendo na silensa (injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta), 6 ni kontroo boksi yenyewe, 7 ni gia boksi. Mbili za mwisho ndizo zinazotaja kitu chenyewe, na kwa P0335 ni sakiti ya sensa ya kranki.

Sasa hapa tuelewane, maana ndipo hela za watu zinapopotelea. Sakiti ya sensa ya kranki siyo sensa ya kranki. Sakiti ni sensa, soketi yake, waya unaoshuka kupita karibu na ekzosi, pini zinazoingia kwenye kontroo boksi, na ethi. Kitu kimoja kati ya hivyo ndicho kibovu, na kodi haikwambii kipi. Inakwambia njia, haikwambii mtaa wala nyumba.

Unajuaje basi kama ni sensa au ni waya?

Kwa kupima, na mara nyingi hata vifaa vya gharama havihitajiki. Mfano mwepesi ni sensa ya joto la maji, P0115 na ndugu zake P0117 na P0118. Mashine ya kusomea kodi ikionyesha maji yako yana nyuzi 40 chini ya sifuri, na hapa Kigoma hata kwenye friji hatuipati baridi hiyo, ujue sakiti iko wazi: waya umekatika, soketi imechomoka au sensa imekufa. Chomoa soketi ya sensa, unganisha pini zake mbili kwa kipande kidogo cha waya, kisha tazama mashine. Joto likiruka mpaka juu kabisa, waya na kontroo boksi ni wazima, nunua sensa. Likibaki palepale, sensa haina kosa, fuata waya.

Ukitaka kuipima sensa yenyewe kwa multimita, ikiwa ya baridi ya kawaida inatoa kama kilo-omu 2 hadi 3, na maji yakifika nyuzi 80 inashuka hadi omu mia mbili, tatu hivi. Isiposhuka inapopata moto, imekufa.

Dakika kumi. Na bado kuna mtu atanunua sensa tatu kabla ya kuzitumia dakika hizo.

Fundi alipima, mashine ikasema "oksijeni sensa". Nimebadilisha, baada ya siku tatu taa imerudi. Nimeibiwa?

Huenda hukuibiwa, huenda fundi alifanya kosa ambalo mimi mwenyewe nimelifanya. Nilikuwa na mwaka mmoja na kidogo tangu nishike mashine. Kaka mmoja alileta IST yenye P0171, yaani mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Nikasoma neno oksijeni kwenye maelezo, nikamwambia bosi nunua sensa. Ilitoka Dar kwa basi, tukafunga, taa ikazimika. Siku ya tatu akarudi, hakusema kitu, alifungua tu boneti akasimama pembeni. Safari hii nilikagua kwa mkono. Lile paipu la mpira kati ya eya klina na throto bodi lilikuwa limechanika kwa chini, kwenye mikunjo, mahali usipopaona mpaka ulipinde. Injini ikiwa kwenye P ufa ulijifunga. Ukiweka D injini inaegemea, ufa unafunguka, hewa inaingia bila kupita kwenye sensa ya hewa. Oksijeni sensa ilikuwa inasema ukweli muda wote, na mimi nikamfukuza shahidi. Nilimrudishia hela ya ufundi. Sensa yake ya zamani bado iko kwenye droo yangu, nzima kabisa.

Kwa hiyo kodi ya P0171 ikija, kabla ya kununua chochote, tazama asilimia za marekebisho ya mafuta, ile inayoandikwa kwenye mashine kama trimu. Ikicheza ndani ya 10 kujumlisha au kutoa, hiyo ni kawaida. Ikiwa kwenye silensa inasoma kujumlisha 20 na zaidi, halafu ukipandisha injini hadi mizunguko 2,500 inashuka kuelekea kawaida, hewa inavuja mahali: paipu, gasketi ya manifoldi, hozi ya servo ya breki. Kadiri injini inavyokwenda kasi, ule upepo wa wizi unakuwa mdogo ukilinganisha na hewa yote inayoingia. Ikiwa ni kinyume, kwenye silensa iko sawa na ukikanyaga inapanda, angalia upande wa mafuta: pampu imechoka, chujio limeziba, au sensa ya hewa imejaa vumbi.

Vumbi la kwetu ni jekundu na laini mno, linapita hata kwenye eya klina ikiwa ni ya bei ya kutupa. Sensa ya hewa ina uzi mwembamba wenye joto. Ukishavaa koti la vumbi unapunguza hesabu. Safisha kwa dawa yake ya kupuliza, usiguse kwa kitambaa wala usiupulize kwa upepo wa kompresa. Nimeshaona zilizosafishwa kwa mswaki. Pole zao.

Nikichomoa kichwa cha betri kodi inafutika. Si gari limepona?

Umechana cheti cha vipimo, ugonjwa uko palepale. Na umepoteza kitu cha maana zaidi: kodi nyingi zinapoandikwa, kontroo boksi huhifadhi pia picha ya wakati ule, injini ilikuwa kwenye mizunguko mingapi, joto gani, mwendo gani. Picha hiyo ikinionyesha kwamba gari lilimisi likiwa kwenye 80 kwa saa na maji yana nyuzi 95, najua nisihangaike nalo likiwa la baridi gerejini. Ukifuta, tunaanza kubahatisha.

Halafu kuchomoa betri kunafuta pia mambo ambayo gari lilijifunza. Silensa inaweza kuyumba siku moja mbili. Baadhi ya Nissan hazitulii mpaka zifundishwe upya silensa kwa utaratibu wake maalumu, na hapo ndipo mtu anakuja kulalamika kuwa fundi ameharibu.

Ukitengeneza kweli, huhitaji hata kufuta. Magari mengi huzima taa yenyewe baada ya safari tatu mfululizo bila tatizo kuonekana, na kodi yenyewe hufutika kwenye kumbukumbu baada ya injini kupata moto na kupoa mara 40.

Ukienda kununua gari la mkononi, tumia ujanja huu: mwombe muuzaji uchomeke mashine, utafute kilomita zilizotembewa tangu kodi zifutwe. Ukikuta kilomita 6, muulize kwa upole jana lilikuwa na nini.

Gari linamisi, mashine inasema P0300, au P0301 mpaka P0304. Nianzie wapi?

Namba ya mwisho ni silinda. P0303 ni silinda ya tatu kuhesabu kutoka upande wa mkanda, kwa Toyota hizi ndogo tunazotumia. P0300 ni kumisi kunakohamahama.

Kwa silinda moja, usinunue, hamisha. Injini kama 1NZ ya Probox, IST na Raum ina koili nne, kila silinda na yake. Toa koili ya silinda yenye kodi, weka kwenye jirani, futa kodi, tembeza gari. Kodi ikihama na koili, umempata. Ikibaki, hamisha plagi. Ikibaki tena, njoo kwenye nozo, na mwisho kabisa ndipo upime kompresheni ya silinda.

Kuna Probox ya safari za Kasulu ililetwa na P0303, mwenyewe alishanunua koili mbili. Tulihamisha koili, tukaizungusha mpaka Katubuka na kurudi: P0303. Tukahamisha plagi: P0303. Kijana wetu akamulika tochi kwenye soketi ya ile koili. Kile kidole cha plastiki cha kuibana kilishavunjika siku nyingi, na mtu alikuwa ameifunga kwa kamba ya mpira wa tyubu. Mpira ulishalegea kwa joto. Gari likisimama soketi inagusa. Likipanda tuta inaachia. Tulikata soketi kwenye waya wa gari bovu, tukaunganisha, nusu saa. Zile koili mbili alizonunua alikwenda nazo nyumbani, zitamfaa siku moja.

Plagi nayo inasema ukiitazama. Iliyolowa petroli haipati moto. Yenye oili ya kunata imepata oili kutoka ndani ya silinda. Ukikuta oili kwa nje, kwenye kisima cha plagi, ni gasketi ya tapeti kava inavuja, na oili hiyo huua mpira wa koili taratibu. Ukikuta maji, umetoka kuosha injini kwa mashine ya presha. Tunaomba sana: pale wanapoosha gari, waambie injini wasiiguse.

Kwa P0300, silinda zote, fikiria mafuta kwanza. Petroli ya kwenye dumu na chupa inaokoa mtu vijijini, hatuisemi vibaya, ila mara nyingi ina maji au imechakachuliwa. Chota kidogo kwenye chupa ya plastiki inayoona ndani, iache itulie; maji yatakaa chini, utayaona mpaka mstari wake.

Usichomoe koili injini ikiwa inanguruma ili "usikie silinda ipi imekufa". Hiyo ilikuwa ya enzi za waya na distribyuta. Siku hizi unaweza kuunguza koili au hata kontroo boksi.

Kwa nini mnapenda kuulizia mzigo niliobeba?

Kwa sababu mzigo unatujibu. Gari linalobeba dagaa kutoka Kibirizi, mihogo au karanga huvutia panya, na panya akishamaliza makombo anahamia kwenye waya. Tunapoona kodi tatu nne zisizohusiana zimekuja usiku mmoja, sensa ya hewa, nozo ya pili, sensa ya maji, hatupimi sensa hata moja. Tunatoa kava la juu ya injini kutafuta kiota. Waya wa panya unaujua: umechongwa kama penseli, na pembeni kuna punje nyeusi.

Gari linalobeba chumvi ya Uvinza ni hadithi nyingine. Chumvi inashuka chini ya zulia la nyuma, ikipata unyevu inakula ethi na soketi ya pampu ya mafuta. Gari linazimika ghafla, linawaka baada ya muda, na mashine wakati mwingine haina kodi hata moja, kwa sababu gari nyingi hazina sensa ya kupima pampu inapata umeme kiasi gani. Hapo multimita ndiyo inaongea: kama betri ina 12.6 na pampu inapata 9, volti nyingine zimeliwa na kutu njiani.

Gari langu ni la zamani. Mashine haiingii, au inaingia lakini haisomi.

Tundu la pini 16 lililoko chini ya usukani lilikuwa lazima Marekani kuanzia magari ya mwaka 1996. Magari ya soko la ndani la Japani, ambayo ndiyo mengi kwetu, yalichelewa, na hata yenye tundu hilo mengine yanaongea lugha ya kampuni tu. Ndiyo maana mashine ndogo inasoma IST ya 2005 na inagoma kwenye Mark II ya 1998.

Toyota hizo zina njia yake ya kuhesabu mwako wa taa. Zima swichi, unganisha pini ya 4 na ya 13 kwenye tundu la pini 16. Kwa za zamani zaidi ni TE1 na E1 kwenye kiboksi kilichoko ndani ya boneti. Washa swichi bila kupiga stata, tazama taa ya injini. Ikipepesa harakaharaka bila kukatika, hakuna kodi. Ikipepesa mara mbili, ikapumzika, ikapepesa mara mbili, hiyo ni 22, joto la maji. 21 ni oksijeni sensa, 31 ni upande wa hewa, 41 ni sensa ya throto, 42 ni mwendo. Safu ya juu ina pini 1 hadi 8, ya chini 9 hadi 16, kwa hiyo 13 iko chini ya 5. Hesabu mara mbili kabla ya kuingiza waya: 16 ina umeme wa betri muda wote na 4 ni ethi, ukiziunganisha hizo utapata moshi badala ya kodi.

Kama gari ni jipya vya kutosha na mashine haiwaki kabisa, angalia fyuzi kabla ya kulaumu mashine. Tundu lenyewe linahitaji umeme wake.

Na wazee wa Land Cruiser yenye 1HZ, zile za miradi na za serikali: injini yenu inaendeshwa na pampu ya kawaida ya dizeli, haina kompyuta ya mafuta. Hakuna kodi ya injini ya kusoma. Anayetaka kuipima kwa mashine mpeni soda, mumshukuru, mwende zenu.

Kile kifaa kidogo cha Bluetooth kinachosomwa na simu kinatosha?

Kwa kodi za injini na kuona sensa zikifanya kazi, ndiyo, na ningependa kila mwenye gari awe nacho. Ni vile vinavyouzwa kwa jina la ELM327. Nakala ni nyingi na nyingine zinadanganya toleo. Jaribu kwenye gari kabla ya kulipa. Wenye iPhone ulizieni ya Wi-Fi au ya Bluetooth mpya, ile ya kawaida haishiki. ABS, airbag na gia boksi kwa kawaida hazisomeki humo. Usikiache kimechomekwa gari likilala siku kadhaa, kinanyonya betri.

Hiace yangu ya dizeli, D-4D, inazimika mlimani, kodi ni P0087.

Presha ya dizeli kwenye reli, lile bomba linalogawia nozo mafuta, imeshuka kuliko ilivyoamriwa. Anza na cha bei nafuu: chujio la dizeli na maji yaliyokaa chini yake. Kisha hewa inayoingia kwenye paipu za kuvutia mafuta. Weka kipande cha paipu inayoona ndani utazame mapovu. Kisha ile valvu ya pampu inayopima mafuta yanayoingia, SCV, ambayo ikianza kunata injini inayumba kwenye silensa na kuzimika. Mwisho ni nozo zinazorudisha mafuta kupita kiasi. Hizo hupimwa kwa kukusanya yanayorudi kutoka kila nozo kwenye chupa yake. Chupa inayojaa haraka kuliko wenzake ndiyo yenye kosa.

Moja la usalama, na hapa sina utani. Reli hii inafika presha ya zaidi ya bar 1,000, wakati tairi lako lina 2 na kitu. Usipapase uvujaji kwa kidole. Dizeli kwa presha hiyo inapenya ngozi, na mtu anaweza kupoteza mkono. Tumia kipande cha boksi.

P0420, kodi ya masega kutosafisha moshi vizuri: wananiambia niyatoe.

Masega yana platinamu, paladiamu na rodiamu, ndiyo maana kuna watu wanayanunua na kuna mafundi wenye haraka ya kuyatoa. Ukiyatoa, kodi haiondoki, maana oksijeni sensa ya nyuma itaendelea kuona moshi mchafu. Kwanza hakikisha ekzosi haivuji kabla ya sensa hiyo na gari halimisi wala halili oili. Tukikuta yameziba kweli, tutakuonyesha kwa geji ya presha, utaamua mwenyewe.

Nimeambiwa kontroo boksi imekufa.

Inaweza kufa, hasa iliyoingia maji au iliyopata umeme kinyume wakati wa kupigwa jampa. Ila kati ya tunazoletewa zikiwa zimeshahukumiwa, nyingi ni nzima. Mama mmoja mwenye Noah alikuwa ameshaanza kukusanya hela ya nyingine. Tuliweka multimita ncha moja kwenye nondo ya hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, kijana akapiga stata. Ilisoma volti 2. Inatakiwa isizidi nusu volti. Waya wa ethi kati ya injini na bodi ulikuwa umefungwa juu ya rangi baada ya gari kupigwa rangi upya. Tulikwangua, tukafunga, kodi sita zikaondoka kwa pamoja.

Na kama ni lazima ibadilishwe, kumbuka suala la ufunguo. Gari lenye imobilaiza halitawaka kwa kontroo boksi ya mtumba mpaka vifundishwe kutambuana.

Taa za ABS na airbag je?

ABS kwetu mara nyingi ni sensa ya gurudumu: C0200 mbele kulia, C0205 mbele kushoto kwa Toyota. Matope yamekauka juu yake au waya umevutwa wakati wa kubadilisha shokabu. Breki za kawaida bado zinafanya kazi.

Airbag usiiguse kwa multimita wala taa ya kupimia, hata ukiwa fundi umeme. Umeme mdogo wa kipimo unaweza kuifyatua. Chomoa hasi ya betri, subiri angalau sekunde 90, ndipo uguse soketi za njano.

Nikileta gari, nije na nini?

Njoo na historia: taa iliwaka lini, gari likiwa la baridi au la moto, ulijaza mafuta wapi mara ya mwisho, nani aligusa nini. Kama limegoma kuwaka asubuhi tu, lilete jioni lilale kwetu, tulishike likiwa la baridi. Spea ulizobadilisha zije nazo, hasa zile za zamani, maana mara nyingi tunazirudisha kwenye gari. Usifute kodi. Na usioshe injini siku ya kuja. Yale mafuta yaliyotapakaa ndiyo yanatuonyesha panapovuja.